Dhana, Yakini na Deni la Anayejua

Liko swali ambalo wanafalsafa na wanavyuoni wa dini wamelishughulikia tangu zamani, nalo ni hili: mtu aliyepokea uongo kwa nia safi, akauamini kwa moyo mkunjufu na kuwapokeza wenziwe bila ya kukusudia ubaya wowote, je, ana lawama? Huonekana kuwa swali la darasani, la watu wenye wasaa, walakini mimi naliona waziwazi zaidi katika mitaa ya watu wa kawaida kama Dallas, mtaa wa mji wa Embu, ambako Mwembu, Mmbeere, Mmeru, Mkamba na Mgikuyu hukaa ukuta kwa ukuta, na ambako habari za serikali, za kale na za maumbile hupita kinywa hadi kinywa, penye bodaboda, kwa kinyozi, dukani na baada ya ibada, upesi kuliko mtu yeyote awezavyo kuzipima. Nasema tangu sasa kwamba naamini lawama ipo, ila haiwaangukii wote kwa kadiri moja. Na kumpimia kila mtu fungu lake kwa insafu ni kazi inayotaka mifano, si kanuni tupu.

Tuanze na jambo la maumbile. Msafiri atokaye Meru akapitia Timau hufika Nanyuki, ambako mstari wa Ikweta unaikata barabara, na hapo huwakuta vijana wenye karai dogo lililotobolewa chini, mtungi wa maji na kijiti cha kiberiti. Kijana humchukua mgeni hatua chache kaskazini ya kibao cha Ikweta, akamimina maji karaini huku kidole kikiziba tundu, akaweka kijiti juu ya maji, kisha akaliachia tundu. Na kijiti huanza kuzunguka. Huvuka hatua kama zile upande wa kusini, akafanya vilevile, na safari hii kijiti huzunguka kinyume. Mwisho husimama juu ya mstari wenyewe, na maji hushuka pasina kuzunguka hata kidogo. Mgeni hustaajabu, hununua cheti chenye jina lake, akarudi kwao akiwa ameshuhudia kwa macho yake mawili jambo ambalo si kweli.

Si kweli, na sababu yake yafahamika vizuri. Dunia huzunguka juu ya muhimili wake mara moja kila siku, na mzunguko huo hupinda njia ya kila kitu kisafiricho mwendo mrefu juu ya uso wake. Lakini nguvu ya kupinda hupungua kadiri mtu anavyoikaribia Ikweta, na penye Ikweta yenyewe haipo kabisa. Aliye mita 20 kando ya mstari hupata sehemu tatu hivi katika milioni moja ya nguvu ambayo angeipata kwenye ncha ya dunia. Mwaka 1962 mwanachuoni wa Marekani, Ascher Shapiro, alitaka kuionyesha nguvu hiyo ndani ya chombo cha maji, naye alikuwa mbali sana na Ikweta, kwenye latitudo ya 42 kaskazini. Hata hivyo ilimbidi atumie tangi lenye upana unaokaribia mita mbili, ayaache maji yatulie siku nzima, kisha afungue tundu dogo na angoje dakika kumi na zaidi kabla ya kuona dalili yoyote. Karai la barabarani halina utulivu huo: linaloamua pale ni namna maji yalivyomiminwa na namna mshikaji alivyougeuza mwili wake wakati wa kugeuka. Na ajabu ni kwamba ushahidi wa kweli wa nguvu hiyo ulikuwa mikononi mwa manahodha wa pwani yetu karne nyingi kabla ya mtu kuuandikia hesabu. Upepo wa kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, na ukisha kuvuka Ikweta hupinda ukawa upepo utokao kusini-magharibi, ukayasukuma majahazi hadi Arabuni na Bara Hindi. Bahari nzima ndiyo iliyokuwa karai lao.

Naliweka jambo hili mbele kwa sababu linatuondolea udhuru tuupendao mno, ule wa kusema kwamba niliyoyasikia huenda yakawa uongo, lakini niliyoyaona ni yakini. Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika kitabu chake al-Munqidh min al-Dalal jinsi alivyotambua utotoni kwamba watoto wa Wakristo hukua Wakristo, wa Mayahudi wakawa Mayahudi na wa Waislamu wakawa Waislamu, naye akaanza kujiuliza ni kipi kilichomo ndani ya imani ya mtu ambacho si taqlidi tu, yaani kufuata walio mbele yake bila ya dalili. Akaweka kipimo kikali. Akasema kwamba yeye anajua kumi ni zaidi ya tatu, na lau angetokea mtu akadai kuwa tatu ni zaidi, na kwa kuthibitisha dai lake akaigeuza fimbo ikawa nyoka, yeye angestaajabia uwezo wa mtu yule, lakini hesabu yake isingetikisika. Muujiza na hoja ni vitu viwili. Mwenye karai amefanya kiini macho chake vizuri, na kijiti kimezunguka kweli. Kisichothibitika ni sababu anayoitaja.

Wako waliokwenda mbali zaidi ya Ghazali. Mwanahesabu wa Kiingereza William Clifford aliandika mwaka 1877 kwamba mwenye meli aliyejituliza moyo kuwa chombo chake ni kizima, bila ya kukikagua, akawapakia abiria, ana hatia hata kama meli imefika salama, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini alichokiamini. Hoja hiyo ina uzito, lakini mimi siwezi kuifuata mpaka mwisho. Mama auzaye mboga Dallas tangu alfajiri hana wasaa wa kuhakiki kila aambiwalo, na wala msomi hana. Sehemu kubwa ya tunayoyajua tumeyapokea kama amana kutoka kwa tuliowaamini, na bila ya amana hiyo hapana mtoto angejifunza hata kuhesabu. Ndiyo maana naona deni linakua pamoja na uwezo. Asiyeweza kuhakiki ana udhuru. Aliyeweza akapuuza ana lawama. Na aliyepewa mimbari, darasa, gazeti au kiti cha uongozi, watu wakamsikiliza kwa kumwamini, huyo ndiye mwenye meli wa Clifford hasa.

Wala isidhaniwe kwamba dhana potofu ni ugonjwa wa wasiosoma. Mlima uonekanao kutoka Embu asubuhi kabla ya mawingu kupanda ni shahidi dhidi ya wasomi. Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na mwenzake Ludwig Krapf, yuleyule aliyetutungia kamusi ya Kiswahili iliyochapwa mwaka 1882 baada ya kufa kwake, aliuona Mlima Kenya kutoka Kitui tarehe 3 Desemba 1849, alipokuwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Ukambani. Habari zilipofika London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga bara hili, alizikanusha kwa ujasiri: theluji penye jua la Ikweta haiwezekani, basi wamishenari wameona mawe meupe au wameota. Bwana Cooley alikuwa na vitabu vingi na dalili haba. Mtu wa Embu angeweza kumjibu kwa hesabu ndogo. Mji wa Embu uko kama mita 1,350 juu ya bahari, na wastani wa joto lake ni karibu digrii 20. Kila mita 1,000 za kupanda huondoa digrii sita hivi. Kilele cha Batian kiko mita 5,199. Atakayetoa na kuzidisha ataona kwamba kileleni joto limekwisha shuka chini ya sifuri, jua liwe liwavyo.

Lakini katika kumsahihisha Cooley tumeingia katika kosa jingine, nalo bado linasemwa na watoto wa shule, kwamba Krapf ndiye aliyeugundua mlima. Aliuona, akauandikia habari, na kwa hilo anastahili heshima yake. Lakini Kivoi aliujua kabla ya mgeni wake kufika, na Waembu, Wachuka, Wameru na Wagikuyu walikwisha kuishi vizazi vingi chini yake, wakiomba wameelekea kilele wanachokitambua kuwa maskani ya Ngai. Kuijua sababu ya theluji hakumwondoi Mungu mlimani. Anayedhani kwamba elimu ya hali ya hewa imeibatilisha dua ya mzee wa Embu hajaielewa elimu wala dua.

Hapa tumefika penye mlango mgumu, yaani namna ya kusahihisha historia ya watu pasipo kuwavunjia heshima. Wazee wa Meru husimulia kwamba chimbuko lao ni mahali paitwapo Mbwaa, penye maji makubwa, ambako walitumikishwa na watu waliovaa nguo nyekundu, Nguo Ntune. Mabwana hao waliwapa majaribu yasiyowezekana. Waliwataka walete ndara yenye manyoya pande zote mbili, na hatimaye mkuki ufikao mbinguni. Na walipoona kwamba hawatapewa amani kamwe, wakatoroka usiku wakiongozwa na Koomenjwe, maji yakawapisha. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, waliovuka alfajiri wakaitwa Ntune, na waliovuka jua limechomoza wakaitwa Njeru, na mgawanyo huo wa koo ungali unajulikana. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyewasikiliza wazee hao mwishoni mwa miaka ya 1960, alielekea kuamini kwamba Mbwaa ilikuwa kisiwa cha Manda, jirani ya Lamu, na kwamba kutoroka kulitukia mapema katika karne ya 18.

Kwa kuwa masimulizi haya yamefanana mno na Kutoka kwa Wana wa Israeli, wako wengi leo wanaosema kwa yakini kubwa kwamba Wameru walitoka Misri, au kwamba wao ni kabila lililopotea la Israeli. Nimeyasikia hayo kwa wahubiri na nimeyasikia kwa waalimu. Hayana mguu wa kusimamia. Kimeru ni lugha ya Kibantu, ndugu wa karibu wa Kiembu, Kigikuyu na Kikamba, na ndugu wa Kiswahili pia, ilhali lugha za Misri ya kale na za Wana wa Israeli ni za ukoo mwingine kabisa. Wala wazee wenyewe hawakuitaja Misri, walisema Mbwaa. Kumbe aliyewapeleka Misri kwa nia ya kuwatukuza amewanyang'anya kilicho chao, akayafanya masimulizi yao kuwa kivuli cha masimulizi ya wengine, kana kwamba mateso ya watu wa Ikweta hayana thamani mpaka yafanane na ya watu wa kitabu. Ndiyo maana nasema kusahihisha kwa adabu ni kumrudishia mtu neno la babu yake. Na sisi wa Kiswahili tunaposikia kwamba mateso hayo huenda yalifanyika pwani kwetu, hatuna haki ya kugeuza uso. Tukitaka insafu kwa historia ya mlimani, nasi tuipokee sehemu yetu ndani yake.

Yapo makosa mengine ya historia yasiyohitaji maneno mengi. Huambiwa watoto kwamba Mzee Jomo Kenyatta alikuwa rais tangu tarehe 12 Desemba 1963. Siku hiyo alikuwa Waziri Mkuu, na Malkia wa Uingereza akabaki mkuu wa dola hadi Kenya ilipokuwa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964. Husemwa pia kwamba Mau Mau ilikuwa vita vya Wagikuyu peke yao. Serikali ya kikoloni yenyewe haikudhani hivyo: msako mkubwa uliofanywa Nairobi kuanzia tarehe 24 Aprili 1954 uliwachagua Wagikuyu, Waembu na Wameru kwa pamoja, ukawapeleka kizuizini kwa maelfu; na Musa Mwariama wa Meru alikaa msituni hadi mwaka wa uhuru bila ya kushikwa. Dhana hii si ya bure tu, ni dhuluma, maana wapo waliokwenda makaburini bila hata kuhesabiwa miongoni mwa waliopigana.

Tukija kwenye serikali, ndipo dhana zinapomgharimu mtu chakula na dawa. Iliyo kongwe ni ile isemayo kwamba watu wa mlimani hawakuwa na serikali mpaka Waingereza walipowaletea: Waembu walishindwa kwa silaha mwaka 1906, Wameru wakapata ofisa wao E. B. Horne mara baada ya hapo, na ndipo, husemwa, utawala ukaanza. Ukweli ni kwamba hawakuwa na wafalme wala machifu, na chifu wa Embu au Meru ni cheo kilichoundwa na wakoloni; lakini walikuwa na mabaraza ya wazee, na kwa Wameru baraza kuu lilikuwa Njuri Ncheke, lililoamua kesi za ardhi, mifugo na damu. H. E. Lambert, ofisa wa kikoloni aliyetumikia wilaya hizo, ndiye aliyewaonyesha wakubwa wake kwamba hiyo ilikuwa serikali kamili. Hata hivyo nisifike upande wa pili nikadai kwamba baraza lile lilikuwa uadilifu mtupu, kama wafanyavyo wasifuo kale yote. Mwaka 1956 Njuri Ncheke ilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana, na wasichana hawakuwamo katika kikao wala hawakuulizwa. Wengi wao wakajikata wenyewe kwa wenyewe, wakaitwa Ngaitana. Jambo lililokatazwa lilikuwa ovu, na amri ilikuwa ya wakubwa. Lakini amri isiyopita katika fahamu za wanaoamriwa huweza kulizidisha lile iliyokusudia kuliondoa.

Dhana iliyo changa, na ambayo naiona kuwa kubwa kuliko zote, ni kwamba serikali ni tajiri mwenye huruma. Barabara ikitengenezwa husemwa kwamba mheshimiwa ametusaidia. Mtoto akipata karo, mbunge amemwonea imani. Na watu husimama juani kutoa shukrani kwa fedha ambazo wao wenyewe walizilipa waliponunua sukari na mafuta ya taa. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 inasema katika ibara yake ya kwanza kabisa kwamba mamlaka yote ya utawala ni ya wananchi. Ikagawa kazi pia. Hospitali ya rufaa ya Embu iko chini ya serikali ya kaunti, pamoja na maji na shule za chekechea; polisi, shule za msingi na za sekondari ni za serikali ya taifa, na chifu ni mtumishi wa serikali hiyo ya taifa, si wa gavana. Kaunti zote kwa pamoja lazima zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, nazo hupewa kwa sheria, bila ya kungoja moyo mwema wa mtu. Asiyeyajua hayo, dawa zikikosekana hospitalini humlaumu mbunge, na mwizi akimvunjia mlango humlaumu gavana; kila mmoja wao huapa kwa kweli kwamba jambo lile si lake, na lawama hupotea hewani bila ya kumfikia mwenyewe.

Nimewahi kuambiwa na watu wema kwamba mambo haya yaachwe, kwa kuwa amani ya mtaa ni bora kuliko usahihi, na kwamba anayewasahihisha jirani zake kila siku huishia kuwa na kibri na kukosa marafiki. Juu ya kibri naafikiana nao, na dawa yake ni kwamba msahihishaji aseme kwanza amejuaje, aonyeshe dalili yake kama afanyavyo mpokezi wa hadithi za Mtume anapowataja waliomtangulia mmoja baada ya mmoja, ili asikilizaye aweze kumhoji. Lakini amani iliyojengwa juu ya ujinga wa wanyonge ni amani ya wanaofaidika nao. Dini za Dallas hazikuihalalisha: Kurani yaamrisha habari ihakikishwe kabla ya watu kudhuriwa kwa kutojua, na miongoni mwa amri za Musa imo ile ikatazayo kumshuhudia jirani uongo.

Na Katiba yenyewe, ingawa si kitabu cha dini, imelitambua deni hili. Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu chake cha pili kinampa kila mtu haki ya kusahihishwa kwa habari isiyo ya kweli au ya kupotosha inayomgusa. Na cha tatu kinailazimu serikali kutangaza habari muhimu zinazolihusu taifa. Sheria ya mwaka 2016 ikafuata kuonyesha njia. Mkazi wa Dallas anaweza kuiandikia ofisi ya kaunti, kwa Kiswahili, akauliza fedha za dawa za mwaka huu ni kiasi gani na zimekwenda wapi, na ofisa anapaswa kumjibu ndani ya siku 21. Na habari ikiwa inahusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Akinyimwa, anaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Waalimu na wahubiri ambao mwaka mzima wamewafundisha watu habari za Misri wangeweza kutumia Jumamosi moja kuwafundisha namna ya kuandika barua hiyo.